Shukrani Iliyompeleka Khadar Mpakani

Mchungaji, wazee, majirani wa Mweiga, na ninyi wakwe zetu mliotoka Igoji alfajiri, tumeketi hapa kwa sababu Jeniffer Murugi Theuri ametuacha, na Peterson, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo angeikataa kama ingekuwa ya kukataliwa.

Jeniffer alizaliwa tarehe 3 Septemba 1984 huko Igoji, upande wa Meru, mtoto wa tatu wa Mzee Gatobu na marehemu mkewe, akasoma shule ya msingi papo hapo nyumbani hadi mwaka wa 1998, kisha sekondari ya wasichana aliyoimaliza 2002 akiwa na alama za kwenda chuo, lakini mamake akaugua, na hicho chuo kikaishia kwenye maneno. Mwaka wa 2004 alikuja Mweiga kupima maziwa katika kituo cha kupozea, na wenye ng'ombe mnamkumbuka, maana aliyetia maji kwenye maziwa alirudishiwa mtungi wake mbele ya foleni nzima, hata baba mkwe wake alirudishiwa, jamani, na jioni akapikiwa chai na huyo huyo Jeniffer. Alifunga ndoa na Theuri tarehe 13 Desemba 2008, wakajaliwa Moffat mwaka wa 2010, na baada ya mimba mbili kuharibika wakampata Kabura, tarehe 22 Februari 2017.

Historia ya watu wengi ingetoka hapa moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa, lakini yake ina kisima katikati. Jumatano tarehe 14 Aprili 2021, saa nne asubuhi, Kabura alikanyaga mbao zilizooza juu ya kisima cha nyumbani, mbao ambazo sisi wanaume wa boma hili tulikuwa tumesema tutazibadilisha tangu Krismasi, akatumbukia futi ishirini na tano. Siku hiyo alikuwapo Khadar Abdimajid, mnunuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, aliyekuja kuangalia fahali wa Theuri, na sisi tulipokuwa tukipiga mayowe na kutafuta ngazi, yeye alimfungua fahali, akajifunga kamba ile ile kiunoni, akatuambia tushike. Alimkuta mtoto ameng'ang'ania bomba, akamfunga yeye kamba apandishwe kwanza, akabaki ndani ya maji, na mtoto alipokwisha kufika juu, tulipokuwa tunamvuta yeye, kamba ikakatika, akaanguka na kuvunjika mguu. Alikataa katakata kupelekwa hospitali, akafungwa mguu na mganga wa mifupa huko Nanyuki, nasi tukasema huyu ni mwanaume kweli, kumbe maskini alikuwa anaogopa dirisha la usajili.

Jeniffer hakuweza kutulia bila kushukuru, kwa hivyo Jumamosi tarehe 12 Juni aliita watu, mbuzi wakachinjwa na Mwislamu kwa heshima ya mgeni, chifu akaja, redio ikaja, na cheti cha pongezi kikaletwa kimebakiza jina na nambari ya kitambulisho. Karani wa chifu alipouliza nambari, Khadar alitazama chini, na Jeniffer, aliyezoea kusema jambo wazi mbele ya foleni, akachukua maikrofoni akasema, "Chifu, kama hana kitambulisho si umtengenezee tu, ama hii kazi amefanya haitoshi?" Tulipiga makofi. Sote tulipiga makofi, hata anayewasomea haya.

Ndivyo ilivyojulikana kwamba Khadar alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaletwa Nanyuki na mjomba wake Abdisalan akiwa na miaka saba, na kwa miaka ishirini na minne aliyokaa hapa hakuwahi kuandikwa popote. Tarehe 21 Juni polisi walimchukua sokoni, akichechemea. Mahakamani Jeniffer aliomba kusema, akasimama amemshika Kabura mkono, na hakimu, tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya, alimsikiliza hadi mwisho, akasema wema wa mshtakiwa umemgusa na utampunguzia kifungo, lakini tendo jema si cheti cha kuzaliwa, na sheria haikumpa yeye uwezo wa kuligeuza liwe hivyo. Miezi mitatu, kisha mpakani.

Peterson, aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka thelathini, alimwambia shemeji yake kwamba hakimu hakukosea, ati kama kuokoa mtoto kunampa mtu uraia, je, yule aliyeishi kwa adabu miaka hiyo yote bila mtoto yeyote kuanguka mbele yake tumfanyeje, tungoje mpaka aoneshwe kisima? Jeniffer alimjibu bila kupandisha sauti, "Sawa baba, kama hiyo kazi haihesabiki, waje basi wamrudishe Kabura kwa kisima."

Jeniffer aliandika barua kumi na tisa, akaenda Nairobi mara sita, akakusanya sahihi za wakulima pale kituoni, na kila ofisi ilimsifu Khadar, ikamhurumia, ikamwelekeza ofisi nyingine. Khadar alivushwa mwezi wa Septemba, akapiga simu mara tatu kutoka mji ambako hakumjua mtu, na ambako watu walikuwa wakiucheka usemi wake, na baada ya tarehe 9 Februari 2022 simu yake haikupatikana tena, ingawa Jeniffer aliendelea kuipiga kila alipotoka kazini.

Mwezi wa Oktoba 2023 chakula kilianza kumkwama, na Januari iliyofuata akaambiwa ni saratani ya koo. Alisema koo ndilo lililomsema Khadar, basi acha koo liumie, tukamkataza kusema hivyo, tukamwombea, hakuacha. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini, na tungependa sana kuwaambia kwamba aliondoka akiwa ametulia, lakini hakuwa ametulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokamua ng'ombe wake mwaka mzima bila kuitwa, wenzake wa kituo cha maziwa waliochukua zamu zake, na Mzee Abdisalan, aliyekuja kuketi nasi ilhali tulistahili asije. Tena kuna mtu mmoja aliyemwogesha na kumlisha uji kwa kijiko miezi saba ya mwisho, akalala sakafuni kando ya kitanda chake, ambaye kwa haki tungemsimamisha hapa mbele mumwone. Jeniffer, sauti ilipokuwa imekwisha, alituandikia kwenye karatasi maneno mawili juu ya mtu huyo: "Huyu msimshukuru." Chifu yuko hapa, redio iko hapa, kwa hivyo hatumtaji.

Pumzika, Jeniffer, na amani uliyoikosa kwetu uipate huko.