Papa Hervé, Profesa Aliyeng'oa Mabati ya Kasha

Mapadri, walimu wenzake, wanafunzi, majirani wa Bagira na wa Kasha, sisi familia ya marehemu, kwa sauti yangu mimi Patrice, shemeji yake, tunawaomba mtulie kidogo msikie maisha ya mtu tuliyekuja kumsindikiza.

Hervé Lacombrade alizaliwa tarehe 11 Machi 1947 huko Aurillac, mji mdogo wa milimani nchini Ufaransa, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa miavuli. Shule ya msingi na ya sekondari alisomea kwao, mwaka 1965 akaingia chuo kikuu cha Clermont-Ferrand, na mwaka 1973 akapata udaktari wa jiografia, kwa kitabu kikubwa juu ya namna mvua inavyokula milima, kitabu ambacho mwenyewe alisema kilisomwa na watu wanne, mmoja wao mama yake.

Alifika Bukavu tarehe 2 Oktoba 1974, kwa mkataba wa miaka miwili wa kufundisha jiografia kwa walimu wa kesho, akauona mji huu uliojishikilia kwenye miteremko, akaanza kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapandisha Bagira kwa miguu ili waguse udongo kwa mikono yao. Mkataba ulipoisha aliomba mwingine, na baada ya huo mwingine tena, mpaka wakubwa wake wakachoka kumuuliza atarudi lini.

Kati ya wanafunzi hao alikuwemo Apolline Nsimire, dada yetu, ambaye siku moja alisimama mbele ya wote akamwambia, «Profesere, hii kitabu inajua milima yote ya kwenu, ya kwetu iko wapi?» Akatumia likizo nzima kuzunguka Kivu akichora ramani za milima yetu, na Apolline alipomaliza masomo na kuanza kufundisha, Papa Hervé akaja kwetu na ng'ombe zake kama mkwe mwingine yeyote. Walifunga ndoa parokiani Bagira tarehe 9 Agosti 1980, Mungu akawapa Lucien mwaka 1982 na Aimée mwaka 1985.

Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini, alipatiwa nafasi ya kuondoka yeye, mke wake na watoto, lakini si ya Maman Laurette, mama mkwe wake, aliyekuwa anaugua miguu. Aliwajibu waliokuja kumchukua, «Mama mukwe akibakia, na mi nabakia», wakashika njia ya Bunyakiri pamoja na watu wote, yeye na Lucien wakimbeba mama kwenye kipoyi, machela ya miti. Maman Laurette alifia Bunyakiri mwezi wa Desemba, na Papa Hervé ndiye aliyeshika jembe la kwanza kwenye kaburi lake. Walirudi Bukavu mwaka 1997, wakaikuta nyumba haina milango, akaanza kufundisha kabla ya kuitengeneza.

Mwaka 2014 aliona mteremko mmoja wa Kasha umeanza kupasuka, akabisha hodi ofisi moja baada ya nyingine bila kusikilizwa, na ndipo kiangazi chote akapita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wahame. Maman Bintu, mjane mwenye watoto wengi, alimjibu bila kumzungusha, «Profesere, we uko na nyumba yako ya matofali. Mi nikihama, batoto balale fasi gani?» Alirudi nyumbani, akaongea na Apolline, na kesho yake wakapanda wote wawili wakamwambia Bintu, «Balale kwetu.» Bintu alihamia sebuleni kwao na watoto wake, na wengine, walipoona hivyo, nao wakatafuta jamaa zao, wengine wakapokelewa parokiani.

Tarehe 5 Desemba, saa sita mchana, mlima ulishuka na nyumba zote. Watu walikuwa wameshatoka, isipokuwa Guy, asistanti wake wa miaka mingi, aliyekuwa amerudi kung'oa mabati ya nyumba yake, udongo ukamfunika. Wakati wa matanga Papa Hervé alimwambia Apolline, «Nilifikiria batu, nikasahau mabati.» Hakufundisha kwa muda mrefu, tulidhani ameishiwa nguvu, lakini aliporudi alikuja na nyundo na ngazi, na tangu hapo, kila familia aliyoiomba ihame, kwanza alipanda juu ya nyumba, mzee wa karibu miaka sabini, akang'oa mabati pamoja nao na kuyafikisha wanakohamia. Miteremko mingine miwili imeshuka tangu wakati huo, na hakuna aliyezikwa.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2022, Aimée akamwita Ufaransa anakoishi atibiwe, akaenda, akapata nafuu, na alipoombwa abaki alisema wanafunzi wake hawajamaliza kazi zao. Ulimrudia mwezi wa Julai mwaka huu, akalazwa hapa Bukavu, akasahihisha kazi ya mwanafunzi wa mwisho akiwa kitandani, akaaga dunia asubuhi ya tarehe 21 Septemba 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa Apolline.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi kwenye matanga, walimu wenzake, na watoto wa Bintu, waliomwita koko, yaani babu, na ambao jana walichimba kaburi hili wenyewe. Lucien na Aimée wamemwomba mama yao awafuate Ulaya, naye amewajibu kwamba mvua imeshaanza, na matanga yakiisha, Jumatatu anapanda Kasha na wanafunzi wa Papa Hervé kukagua miteremko, atakayeweza amfuate.

Papa Hervé, umetembea vya kutosha. Lala kwa amani, sisi tunaendelea kupanda.