Mbao Kumi na Mbili za Oketch

Ukivuka reli kuteremka Gatwekera, mkono wa kushoto, kuna jukwaa la mbao lililojengwa juu ya mtaro wa maji machafu. Juu ya jukwaa kuna benchi, na kwenye benchi ulikuwa ukitukuta sisi. Jukwaa tuliliita Platifomu. Alilijenga marehemu Oketch, seremala wa Ngong Road, mwaka wa themanini na sita, ili mkewe Mildred, au Mama Tonny, apate mahali pa kuuzia kahawa ya tangawizi aliyofundishwa kupika na jirani Mnubi wa Makina. Mvua za El Nino zilipoisha mbao zilikuwa zimelainika hata ungeweza kuzichimba kwa kijiko. Asubuhi moja ya Juni, mwaka wa tisini na nane, mguu wa Mildred ukazama hadi gotini. Birika lilinusurika, ngozi ya muundi haikunusurika. Akajifunga kitambaa, akaziba shimo kwa kipande cha ubao, akaendelea kumimina kahawa. Kisha akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwenye mkokoteni angekuja saa sita mchana. Alikuwa anahamia Kawangware kwa dada yake Eddah, mwenye baraza la simiti.

Tulikuwa watatu. Wekulo wa kutoka Bungoma tulimwita Injinia, kwa sababu alibeba zege kwenye kila ghorofa la Upper Hill, na aliamini kwamba kinachopita begani kinapita kichwani pia. Nderitu tulimwita Balozi. Alikuwa akilinda lango la balozi wa nchi ndogo kule Lavington. Mimi ni Jeconia, fundi wa viatu, mtu wa kwao Oketch, kibanda changu kiko hatua kumi kutoka hapo, na jina langu la benchi ni Soli. Ungedhani habari ya mkokoteni ingetunyamazisha. Haikutunyamazisha hata kidogo.

INJINIA: Mama Tonny, kwani unahama kwa sababu ya mbao mbili? Hii kitu ni ya kurekebisha tu. Toa mbili, weka mbili, kwisha.

BALOZI: Wapi! Hii imekufa, bwana. Ng'oa yote, anza upya. Kwangu Lavington, balozi aliona ufa mdogo kwa veranda, mdogo hivi, akaamuru yote itolewe.

MIMI: Kwako Lavington ni wapi, na wewe hulala hapa Gatwekera?

BALOZI: Hapa ni mchana. Usiku nakaa Lavington.

MIMI: Unakaa nje ya geti.

BALOZI: Geti ni ya Lavington.

Mildred hakucheka. Alikuwa ameweka kikapu karibu na jiko, na kila kikombe kilichokuwa kitupu alikifuta, akakifunga kwa gazeti kuukuu, akakilaza kikapuni. Nilipogundua anachofanya nikaanza kunywa polepole.

INJINIA: Sikiza. Hamuwezi ng'oa yote. Mnajua ni nini imeshika nyumba ya Mama Sifuna? Hii nguzo hapa chini. Nyumba ya Mama Sifuna imeshika ya pasta. Ya pasta imeshika choo. Choo imeshika laini yote ile ya nyumba. Toa nguzo moja, na Gatwekera yote inateremka mpaka Nairobi Dam.

MIMI: Na sisi tutakuwa wapi?

INJINIA: Sisi tutakuwa mbele. Si tumekalia nguzo yenyewe?

BALOZI: Basi nguzo zibaki. Juu tuweke mataruma ya reli. Yale yalilazwa na Mzungu, hayajui kuoza. Tunahitaji sita tu.

MIMI: Na treni ipite wapi?

BALOZI: Treni haihitaji yote. Hata mimi nimehesabu, yako mengi kupita kiasi.

INJINIA: Ile ya jioni itakosa njia ije moja kwa moja hapa kuitisha kahawa.

MILDRED: Ije na kikombe chake. Vyangu vinaenda.

Akachukua kikombe cha Injinia kabla hajakimaliza vizuri. Injinia akakitazama kikifungwa gazeti. Balozi akakikumbatia chake kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nami nikaona nitoe mchango wangu. Ningekuwa na akili ningenyamaza, lakini kwenye benchi mtu akinyamaza wenzake hudhani ameshindwa.

MIMI: Halafu kuna mila za kwetu. Hatuwezi kuyaruka. Mwenye nyumba akishalala, kwa mjane hapapigwi msumari ovyo ovyo kabla wazee wa nyumbani hawajakaa.

MILDRED: Shemeji.

MIMI: Naam, Mama Tonny.

MILDRED: Hii ni mtaro. Choo ya watu inapita hapa chini. Unaniambia hii ni boma?

MIMI: Nasema tu.

MILDRED: Umesema tu tangu Baba Tonny akiwa hai. Wakati ule ulisema mbao mbichi haipigwi msumari, ingoje ikauke. Ikakauka.

Niliona haya. Nikainama nikajifanya natazama kiatu cha Balozi, ambacho kweli kilihitaji kutazamwa.

Wakati huo akatokea mama mmoja na jagi mkononi. Alikuwa Kalondu, mpangaji mpya wa nyumba iliyo nyuma ya ile ya pasta, amehamia Jumatatu ile. Alisimama ukingoni, mguu mmoja kwenye udongo na mwingine hewani.

KALONDU: Hamjambo hapa? Jamani, nikanyage wapi?

Sote watatu tukaonyesha kwa kidole, kila mmoja upande wake.

MILDRED: Usiwasikize hao. Kanyaga hicho kipande cheupe. Ndicho kizima peke yake.

Kalondu akakanyaga, akajipima uzito, akapita. Alipofika akageuka kukitazama kile kipande. Kilikuwa cha saiprasi, kimepigwa randa vizuri, hakina hata fundo.

KALONDU: Lakini hii ni mbao safi. Mbona hamkuweka kama hizi kote?

BALOZI: Zilikuwa kumi na mbili.

KALONDU: Zikaenda wapi?

Hakuna aliyemlazimisha Injinia kujibu, ila Injinia hajawahi kuacha swali lipite.

INJINIA: Ni mume wa huyu mama alizinunua. Fundi kabisa. Alizileta na mkokoteni mwaka juzi, akaziweka nyuma ya nyumba, akazifunika nailoni. Alisema platifomu imezeeka, anataka kuitengeneza kabla imwangushe mtu.

KALONDU: Sasa si angetengeneza?

INJINIA: Si kazi ya mtu mmoja, mama. Kuna maboriti ya chini. Wawili wanashika, mmoja anapiga.

BALOZI: Alitaka sisi tumshikie.

KALONDU: Mkakataa?

BALOZI: Tukatae Oketch? Hapana! Tulikubali siku hiyo hiyo. Ilikuwa imebaki tu tuelewane, tunarekebisha ama tunaanza upya.

Ni kweli, hatukukataa. Kila Jumamosi Oketch alikuja na nyundo imechomekwa nyuma ya suruali, akauliza, "Wazee, leo tuko tayari?" Nasi tukamwambia akae kwanza tuelewane. Akakaa. Injinia akashika upande wa kurekebisha, Balozi upande wa kuanza upya, mimi nikashika upande wowote uliokuwa unashindwa, maana mabishano yakiisha upesi kahawa haina utamu. Oketch alicheka mpaka akafuta machozi. Saa nane hivi alisimama akasema, "Basi mkielewana mniite," akaenda zake. Alikuwa mpole mno yule bwana. Natamani siku moja tu angetukasirikia, akatupiga hata kofi.

KALONDU: Halafu?

Balozi akamtazama Mildred. Mildred alikuwa akimimina kahawa kwenye jagi, hakuinua macho.

BALOZI: Februari mwaka huu akashikwa na homa. Siku nne tu.

KALONDU: Woi. Pole sana, mama.

MILDRED: Asante.

INJINIA: Ilikuwa asafirishwe nyumbani, Ugunja. Sanduku tuliyoonyeshwa ilikuwa ya plaiwudi. Nikasema hapana. Fundi wa mbao hawezi kurudi kwao ndani ya plaiwudi, hiyo ni matusi. Tukafunua ile nailoni.

BALOZI: Mama, ungeiona hiyo sanduku! Kona zake, hata wembe haupiti.

INJINIA: Mimi ndiye nilikata kona. Wakati huo wewe ulikuwa unashika tu.

BALOZI: Nilishika vizuri. Ungekata mbao isiyoshikwa?

MIMI: Mimi nilipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Na vishikio nikashona vya ngozi, ile laini nilikuwa nimeiweka ya viatu vya harusi.

BALOZI: Ikapandishwa juu ya basi, watu wa stendi wakaisimamia kuitazama. Na kule Ugunja wazee wakauliza, hii imetengenezwa na fundi gani wa Nairobi?

INJINIA: Wakaambiwa ni marafiki zake.

BALOZI: Marafiki zake wa kahawa!

Tulikuwa tumewaka, nakiri. Tulikuwa tumenyooka migongo. Tangu mazishi hatukuwa tumepata mgeni wa kumsimulia, na ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya pamoja. Kwa kweli ndiyo pekee. Injinia alikuwa ameshasimama, anapima hewa kwa mikono kuonyesha urefu. Zilitumika mbao zote kumi na mbili, akasema, kikabaki kile kipande kimoja ambacho Kalondu alikuwa ametoka kukikanyaga.

Kalondu alitusikiliza vizuri, jagi limetulia mikononi mwake. Nafikiri alitaka tu kutusifu.

KALONDU: Mko na mikono, jamani. Kazi safi hivyo, iliwachukua siku ngapi?

Injinia akafungua mdomo. Mikono yake ilikuwa bado imetanuliwa, urefu wa Oketch. Akaishusha.

INJINIA: Unajua, hiyo ilikuwa...

Akamtazama Balozi. Balozi akatazama reli. Mimi nikatazama ndani ya kikombe changu, mlikuwa na vipande vya tangawizi tu. Mildred alikuwa na gazeti mkononi, nusu amelikunja, naye ameacha kulikunja. Na yeye alikuwa anangoja jibu. Siku tulipotengeneza lile sanduku alikuwa ndani ya nyumba na wanawake wa kanisa. Alisikia nyundo ikianza, na alisikia ilipoacha. Saa alizijua vizuri kutushinda. Alitaka kusikia kama tutasema.

Kalondu akaona amegusa mahali, akaomba radhi ingawa hakuwa na kosa, akakanyaga kile kipande cheupe akaenda zake. Mildred akainamisha birika juu ya kikombe cha Balozi, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa. Akalipindua, akalitia kikapuni.

MILDRED: Imeisha.

INJINIA: Mama Tonny, ngoja kwanza. Nipatie nyundo ya Baba Tonny. Sasa hivi. Mimi na hawa wawili. Mbao tutatafuta, hata leo.

MILDRED: Nyundo nimeshapakia, Wekulo. Iko chini kabisa, chini ya sufuria.

Alimwita Wekulo. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwita ila Injinia.

Mwenye mkokoteni akafika kabla ya saa sita. Tulimsaidia kupakia, tukabeba kila kitu kwa uangalifu mkubwa mno. Mildred akatushika mikono mmoja mmoja, mimi wa mwisho, akasema, "Haya basi, shemeji," akafuata mizigo yake kupanda kuelekea Kawangware, anachechemea kidogo. Hatukurudi kukaa. Benchi lilikuwepo, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Yule mama wa jagi bado tunapishana naye kila siku, na hajauliza tena. Nami sijamjibu. Ingekuwa rahisi kumjibu. Tulianza saa saba mchana, baada ya kula. Injinia alipima, Balozi alishika, mimi nikapiga msumari wa kwanza. Saa kumi na moja jua lilikuwa bado liko juu ya mabati na tulikuwa tumemaliza, hata vanishi. Mchana mmoja, watu watatu, nyundo moja, ile ile aliyokuwa akija nayo Oketch kila Jumamosi. Na mchana ule wote hakuna aliyebishana.