Mzee Glavu na Siku ya Tisini na Nane

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyombo kidogo, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka msimamizi wa usalama wa kiwanda cha mbao. Kazini walimwita Mzee Glavu. Msimamizi wa usalama, nasema, na kilichomwondoa ni msumari.

Glavu alianza kama mpakiaji wa mbao. Siku aliyomwona mwenzake akipoteza vidole viwili kwenye msumeno, alirudi nyumbani hakula. Kesho yake akamfuata bosi ofisini. Bosi alikuwa analia na gharama: fidia zimepanda, bima imepanda. "Hawa watu watanimaliza," akasema. Glavu akamjibu, "Bosi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Funika misumeno kwanza."

Bosi akaifunika, shingo upande, kisha akamkabidhi Glavu daftari la ajali. Jamani, yule mtu aliandika hata mkwaruzo: nani kaumia, saa ngapi, mashine ipi. Majeruhi alimpeleka hospitali mwenyewe. Akipata nafuu, alimtafutia kazi nyepesi ya kukaa, asije akaoza nyumbani. Kwa miaka minne ajali zilipungua, na fidia zikapungua. Na alikuwa mkali. Mwendesha msumeno mmoja anakumbuka: "Ukisahau glavu, anakurudisha nyumbani ukavalishwe na mkeo."

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Bosi alinogewa. Akataka ajali zisiwepo kabisa, hata kwenye karatasi. Akatundika ubao getini wa kuhesabu siku zilizopita bila ajali. Zikifika mia, kila mfanyakazi anapewa mfuko wa unga. Akiumia mmoja tu, hesabu inaanza upya kwa wote. Glavu aliukubali ubao ule. Tuseme ukweli, aliupenda. Hakuona kwamba kuanzia siku hiyo, anayeumia ndiye mkosaji mbele ya wenzake.

Siku ya tisini na nane, Glavu akakanyaga msumari. Yule mwendesha msumeno ndiye aliyeuchomoa. Akamwambia, "Mzee, twende hospitali, halafu uandike." Glavu akawatazama wenzake waliokuwa wakipakia mbao, watu kama arobaini. "Zimebaki siku mbili," akasema. "Nitawatazama usoni vipi?" Akafunga mguu kwa kitambaa. Kisha akafungua daftari, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Hakuna ajali.

Mganga hajigangi. Nyumbani, mkewe aliona damu kwenye soksi. "Nilimwambia, baba watoto, mficha maradhi kifo humuumbua," anasema mama huyo. "Akacheka. Akasema nimeanza kuzeeka kwa maneno." Siku ya mia alirudi na mfuko wake wa unga begani, anachechemea. Wiki iliyofuata taya likakaza, hata chai haipiti. Ilikuwa pepopunda. Alilazwa siku nne, na ya tano akatutoka. Nalisema hili na roho inaniuma, maana ni kifo ambacho sindano moja ingekizuia.

Mkewe ana watoto watatu wanaosoma, na mshahara ulioingia nyumbani ulikuwa ule mmoja. Alipokwenda kudai fidia, watu wa bima walimfungulia daftari, ukurasa wa siku ya tisini na nane. Mwandiko ni wa mumewe. Hakuna ajali. Mwendesha msumeno amekwenda kutoa ushahidi, amesema yote, lakini daftari linasema lake, na hadi leo madai hayajaamuliwa. Bosi naye ameung'oa ule ubao. Msibani alikaa nyuma kabisa, hakuinua uso.

"Aliandika majeraha ya kila mtu," mjane ametuambia. "La kwake akaliona aibu. Sasa mimi ndiye ninayeulizwa kama kweli aliumia."

Mama, wewe na watoto, poleni sana. Kituo kizima kinalia nanyi, na tunamwombea marehemu pumziko jema. Kwenu waajiri: gharama ya ajali hushuka kwa kufunika msumeno, kama alivyofanya Glavu. Ukiwafunga watu midomo, umeisogeza tu kwenye nyumba ya mjane.

Na wewe uliyeumia kazini asubuhi ya leo, ukanyamaza usiwaudhi wenzako, usitusikilize tena. Zima redio, nenda kaseme.