Kidole cha Fundi

Ndani ya basi la asubuhi, fundi cherehani alimeza kidonge, kisha akajipaka dawa kwenye kidole kilichopauka kwa kukosa damu.

"Chagua moja, mama," alisema mzee wa kiti cha pembeni, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Kumeza na kupaka kwa mpigo ni kujimaliza."

"Daktari kaandika zote, baba. Ya kumeza inafungua mishipa, ya kupaka inaivuta damu mpaka kwenye ngozi."

"Mimi nilipaka tu."

"Ukapona?"

"Kila mtu na mwili wake."

Fundi akacheka. "Kidole hiki walitaka kukikata. Jana kilichomwa na sindano, kikatoa damu! Nilipiga vigelegele. Gauni la bibi harusi limechafuka, na lichafuke!"

Mzee alikuwa bado anatikisa kichwa basi lilipokaribia kituo. Fundi akanyoosha kidole kilekile, akabonyeza kengele mara mbili, ingawa moja ilitosha.