Miaka ya Mahabusu Nayo Ihesabiwe

Ndugu zangu wa jumuiya, mniruhusu nisimame hapa karibu na mlango, na mlango wenyewe mniachie wazi. Nikikaa mahali pamefungwa maneno yananikimbia. Kwamba nimetoka gerezani mnajua. Nilivyotoka hamjui.

Ule ugomvi wa mpaka wa shamba wengi mnaukumbuka. Tulisukumana na jirani yangu, akaangukia plau, akafa. Familia yake ilishanisamehe, Mungu awabariki. Nilishitakiwa kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana, nikapelekwa mahabusu Sumbawanga mjini.

Nawaambia, mahabusu ni pagumu kuliko kifungo. Mfungwa anajua atatoka lini, na asubuhi anakwenda kulima. Sisi tulikaa tu. Kila tukipelekwa mahakamani ni lile lile: "Upelelezi haujakamilika." Tunarudi. Nilikuwa natembea chumbani mpaka wenzangu wakanichoka.

"Mzee, tulia bwana, unatutia kizunguzungu."

Nitulie vipi? Mama yangu alibaki peke yake huku Milepa, macho yamefifia, na mtoto wake ni mimi tu. Niliogopa atakufa sipo. Ikapita miaka minne hivyo hivyo.

Mwishowe shitaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia. Nikakiri, maana ndiyo kweli. Sasa kule mahabusu tulikuwa na imani yetu: jaji akikuuliza kama una la kusema, inamisha kichwa, nyamaza. Ukitaja muda uliokaa, ataona unamlaumu, atakuongezea. Na mimi Mfipa nimelelewa, mkubwa akisema mdogo anasikiliza. Jaji aliponiuliza, nikainamisha kichwa.

Wakili niliyepewa na serikali, binti mdogo tu, akanisogelea kizimbani. "Baba, mwambie jaji umekaa ndani muda gani."

"Mwanangu, acha, nitaongezewa."

"Nani kakudanganya? Mimi nitasema, lakini akusikie na wewe. Muda huo usipozingatiwa, kifungo kinaanza leo."

Nikasema: "Mheshimiwa, nimekaa mahabusu miaka minne. Naomba nayo ihesabiwe. Nina mama."

Jaji akaandika, akaandika, hanyanyui kichwa. Nilitaka kukimbia, sijui hata wapi. Kisha akasema kwa kosa lile angenipa miaka sita, lakini minne nimeshaikaa, basi nitumikie miwili. Nililia mbele za watu na aibu sikuona.

Nilimkuta mama yu hai. Akanipapasa uso, akauliza, "Umekula?" Tuliishi pamoja msimu mmoja wa mahindi, nikamuuguza, nikamzika mwenyewe.

Asanteni akina mama mliomletea kuni na unga nilipokuwa sipo. Na yule binti wakili, popote alipo, Mungu amtunze. Mwenye ndugu mahabusu, nenda kamwambie siku ya hukumu asinyamaze, aseme. Mimi ningenyamaza, leo hii ningekuwa bado ndani, na kaburi la mama ningelikuja kuonyeshwa na watu.