Mkulima wa Maini: Maisha ya Dada Yetu

Dada yetu hakuwahi kusema neno juu ya sufuria iliyofunuliwa. Ukimuuliza jambo anapopakua, alifunika kwanza, akageuza uso pembeni, ndipo akajibu. Wanawe walijifunza kuomba ruhusa ya kutoka wakati huo huo, maana mama yao aliweza kutikisa kichwa tu, nao walikitafsiri kichwa hicho wapendavyo. Tabia hiyo aliitoa kazini, ambako tone la mate lingeweza kuharibu kazi ya miezi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba. Mdogo wake wa mwisho, anayesoma wasifu huu, alilelewa mgongoni mwake huku yeye akikariri jedwali la kuzidisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, na mwaka 1995 alihitimu shahada ya kwanza ya biolojia. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya rufaa, ambako wataalamu walikuwa wanajaribu kuotesha ngozi ya binadamu kwa ajili ya walioungua. Kutoka kipande kidogo kama ukucha, walipata baada ya wiki kadhaa utando wa kufunika kifua cha mtu. Miaka ya baadaye alihamia kwenye ini. Chembe chache za ini la mgonjwa alizikuza zikawa vipira vidogo kama vichwa vya pini, ili dawa ijaribiwe kwanza kwenye vipira hivyo kabla ya kumfikia mwenyewe. Wenzake wakambandika jina la Mkulima, naye hakulikataa.

Mwaka 1998 kabati la joto la kuoteshea chembe liliharibika, akaitwa fundi umeme. Kazi ya saa moja ikamchukua fundi siku nzima.

“Fundi, bado tu?” dada aliuliza.

“Bado, dada. Waya huu itabidi niuangalie na kesho.”

Aliuangalia na kesho yake, na kesho kutwa. Walifunga ndoa Desemba mwaka huo huo, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 2021 madaktari walimkuta na ugonjwa wa ini. Kulikuwa na dawa mbili za kumpa, zote kali, wala hakuna aliyejua ipi angeistahimili. Basi wenzake wakachukua chembe za ini lake, wakaziotesha. Zile za kwanza zilikufa. Ilikuja kubainika kwamba kila mfanyakazi alikuwa anapita kufungua kabati, mara moja tu, kuona vipira vya Mkulima vinaendeleaje, na joto likawa linatoka. Dada alicheka mpaka akashika ubavu. “Mmeniua kwa mapenzi,” aliwaambia, kisha akaagiza sahani za chembe zake ziandikwe namba tu, bila jina, kama za mgonjwa mwingine yeyote. Mara ya pili viliota. Dawa moja iliviua vyote, nyingine viliistahimili. Akapewa hiyo ya pili, ikamwongezea miaka minne, akamwona binti yake akihitimu.

Mwanzoni mwa mwaka huu dawa ilipoacha kumsaidia, aliiambia familia kwamba anataka vipira vyake viendelee kukuzwa na kutumika kupima dawa za wengine hata yeye akishaondoka. Mama yetu hakukubali. Alisema, “Mimi nilikuzaa mzima, nitakuzika mzima. Hicho kipande kingine kibaki kabatini kikifanya nini?” Dada hakubishana naye. Alimwahidi kwamba asiporidhika, kazi ile itasimamishwa, na vipira vitaingia kaburini pamoja naye. Kisha akamwomba aende kuviona kwanza.

Kule maabarani Mama alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, akaweka macho kwenye darubini.

“Vinakula?”

“Vinakula, Mama.”

“Haya maji ya rangi ya waridi tu?”

“Yana sukari ndani, na chumvi, na vingine vingi.”

“Ndiyo maana vimekonda.” Akanyanyua kichwa, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. “Sasa wewe mtoto, nani kakwambia nitazika kitu kinachokula?”



Dada yetu alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mama, mume, watoto wawili, kaka mmoja, wadogo watatu, na vile vipira vyake, ambavyo kwa idhini ya mama bado vinaishi maabarani. Mungu ampokee, naye apate pumziko ambalo kazi yake haikumpa.

Jumapili alasiri, siku moja kabla ya kuondoka, mdogo wake wa mwisho alipokuwa anamnyooshea mto, dada alifumbua macho akamwambia, “Mama akitaka kwenda kuvitazama, mpeleke, mdogo wangu. Na mtafutie kiti. Darubini ile iko juu kwake.”