Ngigi wa Maji Lini, na Leseni Aliyokuwa Akiahirisha

Marehemu Ngigi Kinyanjui alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 hapa Kamenu, Thika, mtoto wa kwanza wa mama yetu Idah na marehemu baba Kinyanjui. Mimi ni Tabby, kitinda mimba. Mnivumilie. Jumapili ya tarehe 2 tulikuwa na yeye tukila chapati, leo nimeshika hii karatasi, na bado sielewi.

Alisoma hapa Kamenu, akamaliza sekondari mwaka wa 2012. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa simu ya kioo kimepasuka, mpaka akapata kazi ya kutengeneza simu Ruiru.

Mwaka wa 2019 alimuoa Auma, na wakabarikiwa na Njambi. Walihamia Kiganjo, kwa ploti ya nyumba za kupanga ambayo maji huja siku mbili kwa wiki na hakuna anajua ni gani. Ndio akatengeneza programu ya Maji Lini: keateka, yule mtunza ploti, akifungua maji anaandika, wapangaji wote wanaona kwa simu. Siku ya kwanza alimpigia Auma, "Mama Njambi, toa mitungi, programu imesema." Maji ikakosa kuja. Auma alimnunia siku mbili.

Code, yaani yale maandishi yanayoendesha programu, aliiweka mtandaoni, lakini hakuchagua leseni ya kuiwekea. Nikimuuliza, ananiambia, "Wiki ijayo, Tabby. Nikikosea kuchagua, watu watakuwa wameshachukua."

Jumatatu tarehe 3 Novemba alilalamika kichwa. Jumatano akalazwa hapa Thika, wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Alhamisi tarehe 6, saa nne asubuhi, akatuacha. Siku tatu tu. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Jumamosi Perez, wa kikundi cha maji cha Mugutha, alikuja kutupa pole. Akasema, "Mama, naona aibu kuuliza kwa matanga. Ile programu tulitaka kuitumia kwa ploti zetu. Sasa hatuwezi kuigusa."

"Si iko bure huko?" mama akauliza.

"Kuiona ni bure. Kuichukua na kuibadilisha, mwenyewe hakuandika ruhusa. Sasa wa kuruhusu ni nyinyi familia."

Sisi tulidhani kuweka mtandaoni ndio kupeana.

Perez akaeleza zile leseni mbili zilizomsumbua Ngigi. MIT inasema chukua, fanya unachotaka, bora jina lake libaki. GPL inasema chukua, badilisha, lakini ukipea watu wengine, wape na code yako pia.

Auma akauliza, "Kwa hiyo ya kwanza, mtu anaweza kuongezea yake halafu afungie Njambi nje?"

"Hiyo yake ameongeza, anaweza."

"Basi ya pili."

Mama akasema, "Na muandike majina yote mawili. Ngigi wako wengi."

Jana nimeweka faili ya leseni, na juu ya kila faili mwaka na Ngigi Kinyanjui. Zilikuwa kumi na saba. Nilipomaliza nilishika simu nimtumie aangalie kama nimekosea. Leo asubuhi Perez ameniandikia kwamba Mugutha wameanza.

Ameacha mke wake Auma, binti yake Njambi wa miaka minne, mama Idah, mimi dada yake, na kazi ambayo tangu jana mtu yeyote ana ruhusa ya kuiendeleza. Mungu ampumzishe vizuri.